Roboti Akilia, Je, Analia au Inalia?

Kila mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi anajua kwamba "ndege ametua" na "ndege imetua" si habari moja. Wa kwanza ametua mtini, ana manyoya na mdomo. Ya pili imetua uwanjani, ina abiria na mafuta. Nomino ni ile ile, herufi kwa herufi. Kinachotenganisha kiumbe na chombo ni silabi moja tu mwanzoni mwa kitenzi. Ndivyo ilivyo kwa kifaru pia: akiwa mbugani anakula majani, kikiwa vitani kinapiga mizinga. Walimu wa Kiswahili wamezoea kuutumia mfano huu kuchangamsha somo la ngeli, kisha wakaendelea na mengine. Naona tunaupita mbio mno. Kwa silabi hiyo moja lugha yetu humlazimisha msemaji kutoa hukumu juu ya swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi, yaani ni nani aliye kiumbe, na ni nini kilicho kitu tu.

Swali hili lilinikabili upya nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Niliwataka wasimulie filamu yoyote waliyoipenda, na mmoja wao akachagua katuni ya Kijapani yenye roboti. Aliandika katika sentensi ya kwanza kwamba "roboti hiyo iliundwa na mwanasayansi". Aya hiyo hiyo ilipofika katikati, roboti "huyo" alipotambua kwamba hapendwi, "alilia". Kwa mujibu wa sarufi tunayoifundisha, upatanisho ulikuwa umevurugika, na kalamu nyekundu ilikuwa tayari. Hata hivyo, kijana yule hakubadilisha ngeli ovyo ovyo. Aliibadilisha mahali hasa ambapo roboti ilianza kuumia.

Katuni hizi za Kijapani, ziitwazo anime, zimewateka vijana wetu wengi, na watu wazima aghalabu huziona kuwa upuuzi wa kupoteza wakati. Nyingi ni upuuzi kweli. Mapigano hayaishi na makelele hayana kiasi. Chanzo chake mara nyingi ni hadithi za picha ziitwazo manga, neno lisilo na udugu wowote na Wamanga wala pilipili manga. Lakini ndani ya bahari hiyo ya upuuzi zimo kazi chache za kubuni za kisayansi ambazo zimelishughulikia suala la utu kwa makini kuliko riwaya nyingi tunazowatahinia wanafunzi.

Tuanze na neno lenyewe. "Roboti" si neno la Kijapani, wala si la Kiingereza kwa asili. Liliingia duniani kupitia tamthilia ya Mcheki Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, naye alipendekezewa na nduguye Josef. Katika Kicheki, "robota" ni ile kazi ya kulazimishwa ambayo wakulima walimfanyia bwana wao bila malipo. Kiswahili kina neno lake la jambo hilo: shokoa. Roboti wa Čapek hawakuwa hata wa chuma. Walikuwa viumbe wa kutengenezwa wenye miili inayofanana na yetu, waliotumikishwa hadi wakaasi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza neno hili lilibeba swali la bwana na mtumwa, na mwenye kulichukulia kuwa neno la ufundi mitambo tu hajalisikia vizuri.

Japani ililipokea neno hilo, na mmoja wa waliolipa uhai mpya ni Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1989, mtu aliyesomea udaktari wa tiba kabla ya kujitosa katika uchoraji. Hadithi zake za mtoto wa chuma, Atomu, zilianza kuchapishwa mwaka 1952, na tarehe 1 Januari 1963 zikaingia katika televisheni na kuwa kielelezo cha anime nyingi zilizofuata. Kisa chenyewe kinauma. Daktari Tenma anafiwa na mwanawe Tobio katika ajali ya gari. Kwa uchungu anaunda roboti yenye sura ya marehemu na kuiita mwana. Mambo yanakwenda vizuri kwa muda, hadi baba anapogundua kasoro moja: mtoto huyu hakui. Kimo chake ni kile kile. Tenma anaghadhabika na kumuuza kwa mwenye sarakasi, mpaka Profesa Ochanomizu anapomwokoa na kumlea. Msomaji makini ameona kwamba nilianza na "yenye" na "kuiita", nikaishia na "kumuuza" na "kumwokoa". Neno "mtoto" ndilo lililonivuta, na baada yake hapakuwa na njia ya kurudi.

Kijapani nacho kina mtego wake. Lugha hiyo haina ngeli kama zetu, lakini ina vitenzi viwili vya kusema kwamba kitu kipo. Watu na wanyama husemewa kwa "iru". Vitu na mimea kwa "aru". Samaki aliye baharini ni wa "iru". Akishafika dukani kuuzwa kama kitoweo, anaingia katika "aru". (Sisi ni wakarimu zaidi kwa samaki: hata akiwa chunguni bado "ameiva".) Roboti wa hadithi, mwenye jina na sauti, ni wa "iru". Katika kuhesabu pia Kijapani kina maneno maalumu kwa kila aina ya vitu. Roboti yenye umbo la mtu huweza kuhesabiwa kwa neno "tai", ambalo pia huhesabia wanasesere, sanamu za Buddha na maiti. Orodha hiyo inafaa kuzingatiwa. Ni ya vitu vyenye umbo la binadamu ambavyo ama havijapata uhai, ama umekwisha kuvitoka.

Wapo wanaodai kwamba Wajapani huona roho katika kila kitu kwa sababu ya dini yao ya jadi, na kwamba hapo ndipo penye siri ya anime hizi. Sikatai kwamba jambo hilo lina uzito. Kampuni ya Sony ilianza kuuza mbwa wa roboti aitwaye Aibo mwaka 1999, ikaacha kumtengeneza mwaka 2006, na huduma za ukarabati zikakoma mwaka 2014. Tangu mwaka 2015 hekalu la Kofukuji katika mji wa Isumi, jimbo la Chiba, limewafanyia mbwa hao ibada za mazishi kabla ya vipuri vyao kutumika kuwatengeneza wengine. Lakini maelezo ya dini peke yake yananitia shaka, kwa kuwa yanatufanya tulione jambo hili kama ajabu la watu wa mbali, ilhali sisi wenyewe twalibeba ulimini.

Hebu tuikague ngeli yetu ya A-WA. Ni nani waliomo? Mbu yumo, nzi yumo, na minyoo wa tumboni wamo. Mwanasesere, ambaye ni matambara na vifungo tu, naye yumo, kwa fadhila ya kiambishi chake. Mti haumo, ingawa unakua, unakunywa na kufa. Zimwi lina akili, linasema na linakumbuka, lakini methali yetu yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Li-, sawa na jiwe na shoka. Kuhusu maiti, walimu hawaafikiani hadi leo: wengine husema ameoshwa, wengine imeoshwa. Ni dhahiri basi kwamba mlango wa A-WA haufunguliwi kwa akili, la sivyo zimwi lingetangulia mbu. Wala haufunguliwi kwa uhai peke yake, la sivyo mti usingeachwa nje. Unafunguliwa na mazoea ya jamii ya wasemaji, na mazoea hubadilika.

Naye padri na mwanazuoni wa Rwanda, Alexis Kagame, katika kitabu chake cha falsafa cha mwaka 1956, aliugawa ulimwengu wote kwa kufuata ngeli za Kinyarwanda: umuntu ni kiumbe chenye akili, ikintu ni kisicho nayo, wakiwemo ng'ombe na mbwa, kisha yakafuata mahali na namna. Mzizi ni ule ule tulio nao sisi katika mtu, kitu, jitu na utu. Mzizi huo -tu peke yake hausemi lolote kuhusu heshima. Kiambishi ndicho kinachosema. Kwa kipimo cha Kagame, mashine yenye akili kamili ingekuwa na haki ya kubisha hodi kwenye umuntu. Yeye aliandika kabla ya swali hilo kuwa na maana yoyote ya kila siku.

Kati ya kazi zote nilizotazama, iliyonigusa zaidi ni Pluto. Ni hadithi ya picha ya Naoki Urasawa iliyotoka kati ya 2003 na 2009 kwa kukitanua kisa kimoja cha Atomu, na ikawa anime ya vipindi vinane mwezi Oktoba 2023. Mhusika wake mkuu ni mpelelezi wa polisi ya Ulaya, roboti aitwaye Gesicht, neno la Kijerumani lenye maana ya uso. Mapema katika hadithi, Gesicht anakwenda kumpa habari mke wa Robby, polisi wa doria aliyeangamizwa kazini. Robby alikuwa roboti, na mkewe pia ni roboti wa muundo wa zamani. Uso wake ni bati. Hauna misuli ya kukunja, hauna macho ya kutoa machozi. Gesicht anamwambia kwamba, akitaka, sehemu ya kumbukumbu zake inaweza kufutwa ili asiumie. Anakataa. Hataki kumbukumbu za mumewe zifutwe.

Hapo ndipo ustadi wa Urasawa ulipo. Wachoraji wengi wangempa machozi ya mafuta ili tumwonee huruma. Urasawa anamnyima kila alama ya hisia, uso, sauti ya kutetemeka, kwikwi, anambakishia uamuzi tu. Kilio tunakisikia kutokana na kile alichokataa. Ninapowafundisha wanafunzi kwamba maana haikai katika neno bali katika uteuzi wa neno hilo badala ya jingine, sina mfano bora kuliko huu.

Katika kazi hiyo hiyo yumo North Nambari 2, roboti wa vita aliyekuwa miongoni mwa mitambo saba yenye nguvu kuliko yote duniani, ambaye sasa ni mtumishi wa Paul Duncan, mtunzi wa muziki asiyeona aishiye katika kasri huko Uskoti. Duncan hamtaki. Anamwambia kwamba mashine haiwezi kuelewa muziki. North Nambari 2 haleti hoja yoyote. Anajifunza piano usiku, na anasema hataki tena kwenda vitani. Mzee anapokubali hatimaye kumfundisha, adui anatokea angani na mwanafunzi anaondoka kwenda kupambana naye. Harudi. Hadithi ilianza kuchapishwa mwaka ule ule ambao Marekani iliivamia Iraki, na vita vya Asia ya Kati vinavyosimuliwa humo, pamoja na tume iliyotumwa kusaka silaha zilizofichwa, haviachi shaka ni vita gani mwandishi alikuwa akivifikiria. Wale waliotumwa kuua ndio wanaobaki na jinamizi.

Filamu ya Mamoru Oshii ya mwaka 1995, Ghost in the Shell, iliyotokana na kazi ya Masamune Shirow, ni ya baridi zaidi, na nakiri siipendi sana. Wahusika wake huhutubiana kupita kiasi. Lakini ina tukio moja ambalo halisahauliki. Mzoa taka mmoja anamsimulia mwenzake habari za mke na binti yake. Akikamatwa anaelezwa kwamba hajawahi kuoa wala kupata mtoto; ameishi peke yake katika chumba kile kwa miaka kumi, na mke na binti ni kumbukumbu bandia zilizopandikizwa akilini mwake. Picha ya binti aliyokuwa akiwaonyesha watu ni picha yake mwenyewe na mbwa. Huyu si roboti. Ni binadamu wa kuzaliwa, na machozi yake ni ya kweli kuhusu mtoto ambaye hakuwahi kuwapo.

Mhusika mkuu wa filamu hiyo, Meja Kusanagi, ana mwili wote wa kutengenezwa, na anahofia kwamba labda hata nafsi yake ni ya kiwandani. Kile anachohofia kukikosa huitwa katika filamu "gosuto", neno lililokopwa kutoka Kiingereza, ingawa Kijapani kina maneno yake, likiwemo "kokoro" linalojumlisha moyo, akili na nia. Nadhani waandishi walikimbilia neno la kukopa kwa sababu maneno ya nyumbani yamejaa joto mno. Mtafsiri wa Kiswahili angepata taabu ya aina nyingine, kwa kuwa sisi tumegawana mzigo: moyo huvunjika, roho hukatwa, nafsi husuta, akili huruka. Simu ikiishiwa na umeme huzima. Mgonjwa akiishiwa na nguvu huzimia. Atomu, ambaye nishati humwishia mara kwa mara katikati ya mapambano, amezima au amezimia?

Si jambo la mzaha, maana historia ya pwani yetu inaonyesha kilichowahi kutokea. Mtumwa, kwa maana ya neno, ni yule anayetumwa. Mwanamke mtumwa aliitwa kijakazi, na kijana mtumwa kitwana, kwa kiambishi kile kile cha kiti na kisu. Sokoni walipangiwa bei. Hata hivyo, upatanisho ulikataa kuwafuata wanunuzi: kijakazi "ameuzwa", si "kimeuzwa". Jina lilimsogeza karibu na vitu, kitenzi kikamshika mkono asifike. Kilema, kiziwi na kipofu waliwekwa pale pale kwa muda mrefu, na ni juzi tu tulipoanza kusema mtu mwenye ulemavu na mtu asiyeona.

Lakini kitenzi hakikumshika kila mtu. Katika siasa zetu za miaka ya 1990, na tena kabla ya machafuko ya 2007 na 2008, majirani waliishi Bonde la Ufa wakiitwa madoadoa. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Litazame kisarufi. Doa ni la LI-YA. Madoadoa "yanaondolewa", "yanasafishwa", hayauawi. Msemaji akishakubali ngeli hiyo, kitenzi kinachofuata huja chenyewe, na hakuna mtu anayeonekana ndani ya sentensi. Tunaobishana kama roboti wa chuma anastahili a- tumewahi kuwanyang'anya a- watu waliozaliwa na mama zao.

Ndiyo sababu nailinganisha hali hiyo na anime ya Yasuhiro Yoshiura iitwayo Ivu no Jikan, ya mwaka 2008, ambayo haina vita wala mlipuko hata mmoja. Roboti wa nyumbani humo hutambulikana kwa pete ya mwanga iliyo juu ya vichwa vyao, na watu wanaowatendea kama binadamu hudhihakiwa kwa jina la kejeli. Ipo mkahawa mmoja tu ambapo sheria inakataza kumbagua roboti na binadamu, na huko pete huzimwa. Mteja hajui anayezungumza naye ni yupi. Kinachobadilika mle ndani ni namna watu wanavyozungumza.

Sasa nitasemaje kuhusu mashine za leo, zile za akili unde zinazowajibu wanafunzi wetu maswali na hata kuwaandikia insha? Nimeanza kusikia vijana wakisema "aliniambia", "amekosea", "hajui". Hapa nasimama upande wa i-, na bila kusita. Mashine hizo zina wenyewe. Nikisema "imekosea", swali linalofuata kwa kawaida ni: ya nani, na nani atawajibika? Nikisema "amekosea", nimeunda mkosaji asiye na anwani, na kampuni iliyoiuza imepona. Mke wa Robby ana cha kupoteza, ndiyo maana anakataa. Mashine inayomwandikia mwanafunzi insha haina cha kukataa. Najua kuna tukio katika Ghost in the Shell ambapo kiumbe kilichozaliwa ndani ya mitandao, Bwana wa Vikaragosi, kinaomba hifadhi ya kisiasa, na maofisa wanapokitaka kithibitishe kwamba kina uhai, kinawarudishia swali hilo hilo. Hoja hiyo inanisumbua. Siku mashine itakapoomba hifadhi bila kufundishwa na muuzaji wake, tutaketi tena na kitabu cha ngeli.

Kwa sasa, walimu wenzangu, nina pendekezo la kipindi kimoja. Wasimulieni wanafunzi habari za Gesicht na ziara yake, kisha wawape wahusika majina na vyeo vyao na waandike aya hiyo mara mbili: kwanza kwa i-, pili kwa a-. Ya pili haitawasumbua. Ya kwanza itakwenda vizuri pia: roboti ilifungua mlango, roboti ilisikiliza, roboti ilinyamaza. Itakwenda vizuri hadi watakapofika kwenye neno "mjane". "Mjane ilikataa kumbukumbu zake zifutwe." Mmoja wao aisome sentensi hiyo kwa sauti mbele ya darasa.